Mwalimu Aliyeogopa Chumba Kilichofungwa

Mwalimu wangu wa kemia ndiye mtu mwoga kuliko wote ninaowajua. Na mimi mwenyewe ni mwoga, kwa hiyo najua ninachosema. Mimi naogopa watu: kusimama mbele ya darasa, kutumwa kwenye duka nisilolizoea, kumjibu mkubwa. Yeye alikuwa anaogopa vitu. Mbwa, radi, kivuko, waya wa umeme unaoning'inia, mtungi wa gesi, samaki aliyelala. Na kuliko vyote aliogopa chumba kilichofungwa.

Leo nataka kuandika habari zake kwa sababu nina hofu, na nikiwa na hofu huwa namkumbuka. Dada yangu amejifungua wiki hii. Mtoto ni wa kiume, mdogo sana, ana nywele mpaka kwenye masikio. Bibi amekuja kutoka Bujora kumtunza mzazi, na mchana nimemwona akiziba dirisha la chumba chao kwa kipande cha godoro la zamani, kisha akajaribu kuchomeka vitenge chini ya mlango aone kama vinakaa. Amesema mvua hizi zisipokata, kesho jiko la mkaa linaingia ndani, mzazi na mtoto wapate joto. Ndivyo alivyomtunza Mama alipotuzaa sisi. Ndivyo alivyotunzwa yeye. Mama ameitikia kabla Bibi hajamaliza kusema, akachukua mwavuli akarudi gengeni kwake. Mimi nilikuwa nimekaa palepale nachambua mchele. Nilikuwa najua kitu ambacho wao hawakijui, na sikusema.

Basi ngoja nimwandike Mwalimu.

Kipindi chake hakikuwa kinaanza mpaka madirisha yote yawe wazi. Alikuwa anasimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, vitabu kifuani, anasubiri. Mimi nilikuwa nakaa kona ya nyuma, karibu na dirisha la mwisho, mahali nilipopachagua ili nisionekane. Akaniona. Siku ya kwanza kabisa ya kidato cha kwanza aliniambia, "Wewe wa kona, kazi ya madirisha ni yako." Tangu siku hiyo mpaka anastaafu, hakuwahi kuniita kwa jina lingine, na mimi nilikuwa nawahi kabla ya kengele kufungua, kwa sababu kazi ile haikuhitaji kuongea.

Shule yetu iko mlimani juu ya mtaa wa Mabatini, imebanwa na mawe makubwa pande mbili, na upepo wa ziwani ukija unapita katikati ya mawe kama maji kwenye mfereji. Ukija na mvua, tunalowa. Madaftari yanalowa, mashati yanalowa.

"Mwalimu, tunalowa huku," watu wa upande wa dirishani walilalamika.

"Mtakauka."

"Tutapata nimonia, Mwalimu."

"Nimonia ina dawa. Halafu nimonia inakohoa, unaisikia ikija. Mimi naogopa visivyokohoa."

Wakacheka, naye akaendelea kuandika ubaoni, chaki imelowa, haiandiki.

Walimu wenzake nao walimcheka. Kwenye ofisi ya walimu meza yake ilikuwa mlangoni, na kila aliyeingia alikuwa anamgonga kiwiko. Kwenye sherehe alikaa karibu na pa kutokea. Kanisani alisali akiwa amesimama nje, mkono umeshika nondo za dirisha. Katekista alimwuliza kwa nini haingii, akajibu kwamba hata pale alipo sala zinafika, zinapitia dirishani. Watoto wa mtaani walimwita Mzee wa Madirisha. Aliitikia.

Kivuko cha Kigongo ndicho kilichomtesa zaidi, maana kwao ni ng'ambo, upande wa Sengerema, na wakati ule daraja lilikuwa bado nguzo tupu majini. Mwanafunzi mmoja aliyewahi kuvuka naye alitusimulia kwamba Mwalimu alikumbatia boya kutoka Kigongo mpaka Busisi. Hakulivaa. Alilikumbatia kama mtoto. Abiria mmoja akamwambia, "Mzee, hata safari hatujaanza." Akasema, "Na mimi sijaanza. Najiandaa."

Lakini sasa, mtu huyohuyo, maabara alikuwa hatetemeki. Tindikali kali alikuwa anaimimina huku anaongea na sisi, hata tone halikuenda pembeni. Siku nyoka alipoingia maabara, darasa zima lilikimbia, na mwalimu wa nidhamu, ambaye sote tunajua fimbo yake, alikuwa wa kwanza kufika uwanjani. Tulipochungulia, Mwalimu wa kemia alikuwa amesogeza kiti taratibu, anamfungulia nyoka dirisha. "Na yeye anaogopa," akatuambia. "Mpeni njia."

Jingine ambalo sikuwahi kulielewa ni sigara. Alikuwa anavuta nyuma ya maabara, anaificha kiganjani kama mwanafunzi mtoro. Tulimkamata mara nyingi. Masanja, golikipa wetu, mkubwa kuliko darasa zima na asiye na aibu, akamwuliza, "Mwalimu, si wewe ulisema kwenye moshi wa sigara mna ile gesi mbaya?" Mwalimu akaitazama sigara yake kwa huzuni, akasema, "Imo. Sikatai. Nimekuwa mjinga sehemu moja tu, niacheni nayo."

Ile gesi mbaya. Hapo ndipo ninapotaka kufika, na mkono unakuwa mzito.

Tulikuwa kidato cha tatu, mada ya usawa wa kikemia. Wengi tulikuwa hatuelewi. Inakuwaje kitu kinakwenda mbele na kurudi nyuma kwa wakati mmoja, halafu kinasemekana kimetulia? Mwalimu akafunga kitabu. Akaagiza lile benchi refu la watu wanne liwekwe mbele.

"Hili ni himoglobini," akasema. "Ni protini, imo kwenye damu yako, ndiyo inayokufanya uwe mwekundu ukijikata. Ina viti vinne. Abiria wake ni oksijeni. Anapanda mapafuni, anashuka kwenye misuli, kwenye ubongo, popote anapohitajika. Haya, oksijeni njooni."

Akawachagua wanafunzi, wakaja wakakaa. Akapiga makofi, mmoja akainuka, mwingine akakaa. Akapiga tena. Wanainuka, wanakaa, wanacheka. Baada ya muda akatuuliza, "Benchi limejaa au halijajaa?" Tukasema limejaa. "Nani amekaa?" Hakuna aliyeweza kusema, maana walikuwa wanabadilishana. "Huo ndio usawa," akasema. "Watu hawatulii. Idadi ndiyo inayotulia."

Halafu akamwita Masanja.

"Huyu ni kaboni monoksaidi. Hana rangi, hana harufu, hana moshi. Masanja, kaa. Nikipiga makofi, usiinuke."

Masanja akakaa, akapanua miguu. Makofi yakapigwa, yeye yupo. Yakapigwa tena, yupo, anatabasamu. Mwalimu akaandika ubaoni herufi K, ambayo kitabu kinaiita namba ya usawa, lakini yeye aliiita namba ya kung'ang'ania. Kila kinachokaa kwenye protini kina namba yake, akasema: dawa ina yake, sumu ina yake, oksijeni ina yake. Namba ikiwa kubwa, mkaaji anang'ang'ania. Na namba ya Masanja kwenye benchi hili ni zaidi ya mara mia mbili ya oksijeni.

Mwalimu akaweka chaki mezani.

"Ubaya wa pili," akaendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Masanja akikaa, wenzake waliobaki kwenye benchi wanamwiga. Nao hawataki kushuka. Kwa hiyo damu inapita kwenye ubongo imebeba oksijeni, ubongo unaiona, unanyoosha mkono, na haishuki."

Msichana mmoja akauliza, "Sasa Mwalimu, akishakaa ndiyo basi? Haondoki tena?"

Nakumbuka alivyofurahi kwa swali lile. Alikaribia kumshika mkono. "Anaondoka. Hakuna anayekaa moja kwa moja. Hata Masanja anainuka, ila anakawia. Swali ni moja: siku akiinuka, nani yuko karibu wa kukaa? Kama chumba kimejaa akina Masanja, atakaa Masanja mwingine. Kama kimejaa oksijeni, itakaa oksijeni." Akatuambia darasa zima tuinuke tulizunguke benchi, tusogee, tubanane. Hata mimi. Masanja akabanwa mpaka akaanza kulalamika, makalio yakanyanyuka kidogo tu, na kabla hajajua, mtu amekaa mahali pake.

"Ile namba hamwezi kuibadilisha," Mwalimu akasema. "Haina huruma, haisikii maombi. Mnachoweza kubadilisha ni nani amejaa chumbani."

Akaenda akagusa dirisha langu, kama kuhakikisha liko wazi.

Halafu akatuambia kuhusu mkaa. Kwamba watu wanasubiri mkaa uive, moshi uishe, ndipo waingize jiko ndani, wakidhani kibaya kimetoka na moshi. "Moshi ni mgeni mstaarabu, anabisha hodi. Macho yanawasha, unakohoa, unatoka. Anayebaki mkaa ukishaiva habishi hodi. Mkiwa chumba kimoja mkaona vichwa vinawauma wote, msitafute panadol. Tafuteni mlango." Kengele ikalia, lakini hakuna aliyekimbilia nje.

Siku moja nilishindwa kusimama mbele kueleza jaribio langu. Mwalimu hakunilazimisha. Baada ya kipindi, nikiwa nimebaki, akaniambia huku anafuta ubao, amenipa mgongo, "Wewe wa kona, mwoga ni mtu aliyeona mapema. Shida yetu, wewe na mimi, tukishaona tunanyamaza." Nilidhani ananifariji tu.

Naishia hapa. Bibi ananiita nikabebe maji ya kumkanda mzazi. Mvua haijakata.

*

Niliacha kuandika kwa muda. Haya ya chini nayaandika mikono ikiwa imetulia.

Kesho yake jiko liliingia. Bibi aliliwashia uani, chini ya bati, akalipepea mpaka mkaa wote ukawa mwekundu na moshi ukaisha kabisa. Akalipandisha ndani, akachomeka vitenge. Nilijaribu mbinu za kioga. Nilifungua mlango nikisema naleta uji, nikauacha wazi. Ukafungwa. Nikasema kuna joto. Bibi akasema, "Ndiyo tunalitaka." Nikamwambia Mama kabla hajaenda gengeni, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, kwamba shuleni tulifundishwa kuhusu mkaa. Akasema, "Mwache Bibi yako, mzazi ni wake." Ni kweli, hivyo ndivyo ilivyo kwetu. Hata shemeji alipokuja kumwona mtoto alisimama uani kwenye mvua, kwa sababu Mama na Bibi walikuwa ndani na yeye ni mkwe. Mfuko wa sukari alinipa mimi niupeleke, akamtazama mwanawe kwa mbali nilipomtoa mlangoni, akaondoka na viatu vimejaa tope.

Mchana mvua ilikaza. Nilikuwa kwenye korido nafua nepi. Nikagundua kwamba sijamsikia mtoto. Ulikuwa muda wake wa kunyonya, na mtoto yule akichelewa kupewa huwa anatangaza mtaa mzima.

Nikafungua mlango.

Ndani kulikuwa na joto zuri. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba palikuwa pazuri. Jiko jekundu, hakuna hata uzi wa moshi. Dada amelala ubavu, mtoto amelala mkononi mwake, laini mno, kama kanga iliyokunjwa. Bibi kwenye kigoda, ameegemea ukuta.

"Dada, mtoto amenyonya?"

"Hataki," akasema, maneno yanakuja polepole. "Kichwa kinaniuma."

"Hata mimi," Bibi akasema. "Ni hii mvua."

Nilisimama. Nilijua maneno yote. Benchi, viti vinne, namba ya kung'ang'ania, Masanja. Yalikuwa yamepanga foleni kooni na hakuna lililotoka.

"Nini, mke mwenzangu?" Bibi ananiitaga hivyo akinitania. "Umesimama kama umetumwa na polisi."

"Bibi," nikasema. "Mimi naogopa."

Akafumbua macho vizuri. "Unaogopa nini?"

"Naogopa jiko."

"Jiko lina nini? Mkaa umeiva, halina hata moshi."

"Ndiyo maana naogopa. Moshi unabisha hodi. Huyu aliyebaki habishi." Nilikuwa nalia sasa, na aibu ikaniishia, maana mtu akishalia mbele ya watu hana tena cha kuficha. "Vichwa vinawauma wote wawili. Mtoto hanyonyi. Bibi, tafadhali, naogopa."

Dada akajaribu kuinuka aone ninalia nini. Magoti yakamwacha, akakaa chini palepale, akatapika. Bibi alimtazama, akanitazama mimi. Uso wake ulibadilika.

"Litoe," akasema.

Nililibeba kwa kanga mpaka uani, nikalitupa kwenye mvua, likapiga kelele ya mvuke. Nilirudi nikang'oa lile godoro la dirishani, na jirani aliyesikia kelele akaja akambeba mtoto nje. Mvua ikamgonga usoni. Akakunja sura, akalia. Kilio kidogo, kama mlango usiotiwa mafuta, lakini kilio.

Mimi na jirani tuliwatoa dada na Bibi, na bajaji ikatufikisha kituo cha afya tukiwa tumebanana. Nesi aliuliza swali moja tu, "Mlikuwa na jiko ndani?" na alipomwona Bibi anainamisha kichwa hakuuliza la pili. Wakawekewa oksijeni, dada na mtoto. Bibi naye wakamwekea, akabishana kwamba yeye hakujifungua. Nilikaa kwenye benchi la kusubiri nikitazama vile vifuniko usoni mwao, na kichwani niliona darasa letu zima limezunguka, limesogea, limebanana, linamsubiri Masanja anyanyuke kidogo tu. Niliendelea kuliona hata daktari aliposema wote wataenda nyumbani.

Bibi hakunigombeza wala hakunishukuru. Tuliporudi alilichukua lile godoro la dirishani akalilaza chini, akalikalia. Tangu siku ile, akitaka mtoto apate joto, anamweka kifuani kwake.

*

Arobaini ilipokwisha, shemeji aliazima gari tumpeleke mtoto Sengerema akaonwe na ukoo wa baba yake. Tulisimama Kigongo kununua soda. Na pale, nje ya duka, kwenye kiti cha plastiki kilichoelekea ziwani, alikuwa amekaa Mwalimu. Amekonda. Nilikuwa nimesikia kwamba baada ya kustaafu amepata kiwanja huko, lakini sikutegemea kumwona. Sigara ilikuwa kiganjani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akanitazama. "Wewe wa kona."

Shemeji, ambaye anapenda utani na habari za kivuko nilishamsimulia, akamsalimia akamwuliza, "Mzee, daraja limeshafunguliwa, mbona umekaa huku?"

"Nalichunguza."

"Tangu lifunguliwe?"

"Kivuko kilikuwa na maboya," Mwalimu akasema. "Hili lina nini?"

Shemeji akacheka, akaenda kulipia soda. Mwalimu akamwona mtoto mikononi mwa dada, akauliza kama ni mzima. Ndipo nikamsimulia. Sijawahi kumsimulia mtu kitu kirefu namna ile. Hakunikatiza. Sigara iliisha yenyewe mkononi mwake mpaka ikamuunguza, akaitupa.

"Ulimwambiaje bibi yako?" akauliza. "Ulimweleza benchi?"

"Hapana. Nilimwambia naogopa."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Akageuza uso kwenye maji. Halafu akaanza kusema, taratibu, kama mtu anayeshuka kwenye mawe yenye utelezi.

Mtoto wake wa kwanza alizaliwa msimu wa mvua, ng'ambo kule, yeye akiwa mwalimu kijana. Mama mkwe wake alikuja kumtunza mzazi. Akaziba chumba, akaingiza jiko. Yeye alijua. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka chuo, ile namba alikuwa anaijua kwa moyo. Lakini mkwe wa kiume haingii chumba alichomo mama mkwe, wala hamwangalii usoni. Akamtuma mtoto wa jirani apeleke ujumbe. Ujumbe ukarudi: mwambieni baba kazi hizi ni za wanawake. Akakaa uani, kwa adabu.

"Mke wangu alipona," akasema. "Mtoto hapana. Watu wakasema hakuzaliwa na nguvu. Mama mkwe alilia kuliko sisi wote. Ungemwambiaje? Mimi na mke wangu tukakubaliana tusimwambie kamwe. Yupo mpaka leo. Nilipomjengea nyumba niliweka madirisha mawili kila chumba, makubwa, ya wavu. Nikadhani hayo ndiyo maneno yangu."

"Na sasa?" dada akauliza. Alikuwa amemkumbatia mtoto kwa nguvu.

"Mjukuu wangu amejifungua juzi. Yuko kwa mama mkwe huyohuyo. Mke wangu amepiga simu asubuhi, anasema mama yake ameziba wavu kwa magunia, mvua inaingia." Alijipapasa mfukoni akitafuta sigara nyingine, akaacha. "Mke wangu hawezi. Akisema, mama yake atauliza umejuaje. Nimekaa hapa tangu asubuhi natazama daraja."

Nilimtazama mtu aliyenifundisha kufungua madirisha. Mikono yake, ile isiyotikisika na tindikali, ilikuwa inacheza magotini.

"Mwalimu," nikasema. "Gari ina nafasi."

Alikaa nyuma, kati yangu na mlango. Kabla shemeji hajawasha, alishusha kioo mpaka chini. Tulipopanda daraja alifumba macho, akashika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili.

"Tumefika katikati?"

"Bado, Mwalimu."

"Usiniambie tukifika."

Nyumba haikuwa mbali na barabara. Madirisha yalikuwa makubwa kweli, na yamezibwa magunia kweli. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Mlango ulikuwa umerudishwa, na kwenye baraza palikuwa na majivu ya mkaa yaliyomwagwa karibuni. Mke wake alitoka jikoni, akamwona mume wake amevuka ziwa, akaziba mdomo kwa kanga.

Mwalimu alipanda baraza. Kabla hajafika mlangoni akageuka, akaupa mlango mgongo, kama adabu inavyotaka, mikono nyuma, uso wake ukitutazama sisi kwenye gari. Mama mkwe asingeweza kuuona uso ule. Mimi niliuona. Ulikuwa kama wangu siku ile kwenye korido.

Akarudisha mkono nyuma, akausukuma mlango ukafunguka wote.

"Mama," akasema. "Ni mimi mkweo. Naogopa."

 Sauti ya mwanamke mzee sana, yenye usingizi, ikatoka ndani.

"Unaogopa nini, baba?"